Sifuri Thelathini na Sita za Chumba cha Nyuma

Ukitaka kujua kama kitabu kinasomwa, usitazame jalada, wala usimuulize mkubwa wa maktaba. Pitisha kidole juu ya kurasa, upande wa juu, pale vumbi linapokaa. Mombasa hewa ina chumvi, na vumbi letu halipeperuki, linaganda kama ukoko wa wali. Kitabu kisichoguswa utaukuta ukoko huo. Kinachosomwa ni safi hapo juu, hata kama kwingine kote kimechakaa. Haya sikuyasoma popote. Mimi nimefika darasa la nne tu, na chuoni nikahitimu Kurani, basi. Nimefunzwa na Mzee Katana, na kidole changu.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia kazi hii sasa, mnaohesabu kwa mashine nani amefungua nini na amekaa nacho kwa muda gani. Mjukuu wangu ni mmoja wenu. Aliniambia, "Nyanya, waandikie wenzangu mambo ya maktaba ya zamani, wafurahi." Kuandika nitaandika. Kufurahi sikuahidi.

Maktaba yetu ilikuwa pembeni mwa Mji wa Kale, na jina lake silitaji. Niliingia pale kufagia. Nilikuwa mjane, nakaa Bondeni na watoto watatu, na kila asubuhi nilikwenda kwa miguu, buibui na ndara, nifike kabla milango haijafunguliwa. Mzee Katana ndiye aliyekuwa akirudisha vitabu mahali pake. Mtu wa Kaloleni, Mkristo, mwembamba, kaptura ya kaki na soksi hadi magotini, na neno lake lilikuwa moja tu, halirudiwi. Mwezi wangu wa kwanza alikwenda msibani kwao, nami nikaona rafu zimekaa vibaya, kirefu hapa, kifupi pale. Nikazipanga. Virefu nyuma, vifupi mbele, vyekundu pamoja, vya kijani pamoja. Nilijisifu kweli. Aliporudi alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Aisha," akasema, "umepanga vitabu au umepanga vyombo vya kabatini?"

Ilituchukua siku tisa kuvirudisha. Hakunigombeza tena, ila kila mgeni akija alinionyesha kwa kidevu na kumwambia, huyu hapa ndiye fundi wa rangi. Tangu hapo nikajifunza namba zile za mgongoni mwa vitabu, moja moja, kama mtu anayejifunza majina ya jirani.

Jambo la pili alilonifunza ni hili. Mtu aliyeshika fagio haonekani. Ukikaa na karatasi na kalamu umtazame msomaji, atajiweka sawa, atafungua kitabu kinene, atakunja uso. Ukifagia miguuni pake, ataendelea kulala. Mimi nilijua nani anasoma na nani amekuja kukimbia jua. Nilijua mzee aliyekata picha za meli kwa wembe, na mwanamke aliyekuja kila Jumanne kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha magonjwa ya figo, ule ule, mpaka siku moja akaacha kuja. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, na hakuna aliyeniuliza.

Kulikuwa na chumba cha nyuma, kidogo, dirisha moja la mbao. Humo mlikuwa na vitabu vya dini, vya Kiarabu, na daftari za tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo watu wa mji walizileta wenyewe ziwekwe. Baina ya hizo, daftari tatu kubwa za ngozi ya mbuzi zilikuwa za marehemu babake Maalim Shee. Maalim alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mkewe ndiye aliyenifunza mimi alifu na bee. Nyumba yao ilikuwa inavuja dari, na watoto wake walikuwa Arabuni. Alichelea daftari zisije zikaloa, au siku atakayokufa ziuzwe kwa wageni wanaonunua vitu vya kale. Akazileta kwetu. Alimwambia Mzee Katana mbele yangu, hapa pana paa na pana watu. Kisha akawa anakuja kila siku saa nne ya asubuhi kusoma maandishi ya babake kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Katikati ya miaka ya tisini akaletwa kwetu Bi Neema. Binti wa Kitaita, mpole, anasalimu kila mtu mpaka mlinzi. Alitumwa na makao makuu kuchunguza watu wanaitumiaje maktaba, kwa sababu kompyuta zilikuwa zinakuja, nazo zinataka chumba. Mzee Katana alikuwa amekwisha kustaafu. Bi Neema aliulizia nani anazijua rafu, akaonyeshwa mimi na fagio langu.

Akaniketisha. Sikuwahi kuketishwa mle ndani kabla ya siku hiyo. Akanipa kalamu na fungu la karatasi zenye mistari, akanieleza. Wasomaji wasirudishe vitabu rafuni. Waviache mezani. Jioni kabla ya kufunga, mimi nipite kila chumba, nihesabu vilivyoachwa mezani, niandike, ndipo nivirudishe. Kilichoachwa mezani kimesomwa. Kilichobaki rafuni hakikusomwa. Wiki sita, siku sita kila wiki. Na kila meza ikawekwa kibao: Tafadhali usirudishe kitabu, kiache mezani.

Njia hiyo si ya kijinga, msije mkacheka. Kwingine inafaa sana. Ila nitawaambia ilivyokwenda kwetu. Wanafunzi kutoka Tudor walikuja baada ya masomo, wakashusha kamusi kubwa mbili, wakazilalia kama mito. Jioni ziko mezani, zina mate. Nikaandika, zimesomwa. Kitabu kimoja cha sheria za posta kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na kila upepo wa kaskazi ukivuma mtu alikishusha kuegemezea dirisha lisigonge. Kiko mezani. Nikaandika. Mwisho wa wiki ya kwanza kitabu kile cha posta kilikuwa cha tatu kwa kupendwa katika maktaba nzima.

Na chumba cha nyuma, kila jioni, meza ilikuwa tupu. Imefutwa, viti vimerudishwa chini yake.

Nyinyi wa leo huenda msijue kwa nini. Kitabu chenye jina la Mungu ndani yake hakiachwi mezani. Hakilazwi wazi, hakiwekwi kitu juu yake, hakiachwi mahali mtu atawekea kiwiko au paka atakanyaga. Ukimaliza unakifunga, unakirudisha juu, mahali palipoinuka. Mtoto wa chuo hufunzwa hilo kabla ya kufunzwa kusoma. Wazee waliokuja chumba cha nyuma, na akina mama wa Kibokoni waliokuja Alhamisi, kibao walikiona. Walikisoma kama unavyosoma tangazo la sinema. Halimhusu mtu.

Siku ya tatu nilimwambia Bi Neema. Nikamwambia, kule nyuma watu wanasoma, ila wanarudisha. Akanisikiliza vizuri, akafikiri, kisha akaniambia kwa upole kwamba niandike nilichokiona mezani, si nilichokiona mtu akifanya, kwa sababu nikianza kuongeza hapa kidogo na pale kidogo, hesabu yote haitaaminika. Na akaniomba nisiwaeleze wasomaji hesabu ni ya nini. Watu wakijua wanahesabiwa, alisema, hujibadilisha.

Hapo hakusema uongo. Mzee Katana alinifunza neno hilo hilo kwa fagio. Nami, tuseme kweli, nilikuwa na kalamu. Karatasi zile zilikuwa na jina langu juu, Msaidizi wa Utafiti, A. Sikutaka mtu aseme, tazama, amepewa kazi ya maana, sasa anawapendelea watu wake wa chuoni. Nikanyamaza. Neno la kweli nilikuwa nimelisema mara moja, nikajiambia inatosha.

Haikutosha, na mimi nilijua. Wiki ya pili nilimngoja Maalim amalize. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi masikioni, na alipofunga daftari alilibusu, kama kawaida yake.

"Maalim," nikamwambia, "wiki hizi, ukimaliza, liache tu mezani. Mimi mwenyewe nitalirudisha."

Akanitazama juu ya miwani.

"Kwa nini?"

"Ndiyo amri yao, Maalim."

"Mke wangu amekufunza wewe," akasema. "Babangu nimwache amelala mezani, nyinyi mje mumzoe jioni na vikombe vya chai? Aisha, hilo sitaki." Kisha akacheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo. "Waambie wakubwa zako mzee huyu mkaidi. Wamuache na ukaidi wake."

Ningemwambia: Maalim, ukilirudisha litaondoka. Maneno matatu. Angeliacha. Angelitandikia leso yake, angesoma dua, lakini angeliacha. Nilikuwa nimekatazwa kusema, nami nikatii.

Nitawaambia na lingine, ambalo hata Mzee Katana sikumwambia mpaka baadaye. Jumamosi moja, wiki ya nne, watu wote wameondoka, nilipanda stuli nikalishusha daftari moja la ngozi ya mbuzi. Nilitaka nililaze mezani kwa mkono wangu, nirudi mlangoni, kisha niingie tena kama mtu anayehesabu. Moja tu. Nilisimama nalo kifuani mbele ya meza ile. Mkono ulikataa. Nilifunzwa na mkewe Maalim mwenyewe. Nikapanda stuli nikalirudisha juu, nikashuka, nikaandika sifuri.

Siku thelathini na sita, sifuri thelathini na sita. Mwandiko wangu mzuri, wa duara. Ukizitazama zile karatasi utasema zimeandikwa na mtu aliyesoma.

Ripoti ikaja baada ya miezi. Ilisema chumba cha nyuma hakitumiki kabisa, na ndicho kinachofaa kompyuta. Mimi sikuisoma, nilisomewa. Nikamwuliza mkubwa wetu vitabu vitawekwa wapi, akasema stoo, uani, mpaka itakapojulikana. Nikaenda zangu Lamu wiki mbili, binti yangu alikuwa anajifungua. Vitabu vilitiwa kwenye maboksi, maboksi yakawekwa uani karibu na magazeti ya zamani na viti vilivyovunjika. Likaja gari la taka kuchukua magazeti na viti. Hakuna aliyesimama kuwaonyesha mwisho wa taka ni wapi. Wakachukua vyote.

Nilirudi Jumatatu. Rafu za nyuma zilikuwa zimeng'olewa, ukuta una alama nyeupe mahali zilipokuwa. Nilikuwa bado nimesimama pale saa nne ilipofika.

"Sabalkheri, Bi Aisha," akasema nyuma yangu. "Umerudi. Mjukuu je, mzima?"

"Mzima, Maalim. Wa kiume."

"Mungu amkuze." Akatazama ukuta. Akautazama muda, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. "Wanapaka rangi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kompyuta, boksi, gari. Alisikiliza huku anaifungua miwani uzi kwenye sikio moja, halafu jingine.

"Nani aliyewaambia havisomwi?"

"Mimi, Maalim."

"Wewe unaniona kila siku."

"Nakuona."

"Na ukaandika sisomi."

"Nikaandika."

Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Alikunja miwani akaitia mfukoni mwa kanzu, akauliza gari lile hupeleka wapi, ingawa kila mtu wa kisiwa alijua hupeleka wapi.

Nilikwenda Kibarani, kwenye jaa la taka, siku hiyo hiyo. Sikumruhusu Maalim kuja, nikamchukua Mzee Katana nyumbani kwake, naye akaja na soksi zake ndefu hadi kwenye majaa. Moshi, korongo wakubwa wamesimama kama mashahidi, na watu wanaochambua. Tukaulizia karatasi. Mama mmoja alitwambia karatasi haikai hapo hata siku moja, kavu huwashia moto, nzuri huuzwa ya kufungia vitu. Tulipekua mpaka alasiri. Mzee Katana ndiye aliyepata, ubao mmoja wa jalada, ngozi ya mbuzi upande mmoja, upande mwingine umeungua. Ndani hamna ukurasa. Alipitisha kidole juu yake, ukingoni, kwa mazoea.

"Hiki kilikuwa kinasomwa," akasema.

Hapo ndipo nilipomwambia ya Jumamosi ile na stuli. Tulitembea mpaka daraja la Makupa. Akaniambia tu nikanawe miguu kabla sijaingia ndani kwangu.

Maalim alilipokea lile jalada kwa mikono miwili, akalifunga kwenye leso.

Kompyuta zikaja, tatu, zimefunikwa vitambaa kama maiti za watoto. Watu walizipenda, sikatai. Wanafunzi walikuja mchana na kuzing'ang'ania, na wengi walicheza karata humo, rangi nyekundu juu ya nyeusi, saa nzima. Umeme ukikatika walikaa wakizitazama vile vile. Halafu Bi Neema akarudi na karatasi nyingine, kuchunguza sasa watu wanatumiaje kompyuta. Akanitafuta tena mimi. Nilimwonyesha ukuta, nikamweleza. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akaweka mkono mdomoni.

"Mama Aisha, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya tatu."

Akakumbuka. Niliona kwenye uso wake akikumbuka. "Ungeniambia tena," akasema, taratibu, na hilo ndilo jibu la haki kuliko yote niliyowahi kupewa. Ningemwambia tena. Ningemwambia kila jioni mpaka achoke nami. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni, na mwenyeji wake nilikuwa mimi.

Hesabu mpya ilikuwa ya saa. Kila saa moja, nihesabu walioko chumba cha kompyuta, niandike idadi. Aliye ndani ni mtumiaji. Basi.

Na Maalim Shee aliendelea kuja. Saa nne, kila siku. Watoto walikuwa shuleni saa hizo, chumba kitupu, kompyuta zimefunikwa. Alivuta kiti, akakipa kisogo mashine zote tatu, akakaa kuelekea ukutani zilipokuwa daftari, midomo yake inakwenda. Alikuwa anasoma alichokumbuka. Mwanzo alikwenda mbio. Baada ya miezi akawa anasita, anarudi nyuma ubeti mmoja kama anayetafuta funguo, anaendelea. Nami nikiwa mlangoni na karatasi, saa nne hadi saa tano, naandika: mmoja.

Siku moja sikuweza. Nikaingia na kalamu, nikachuchumaa karibu na kiti chake, nikamwambia, "Maalim, soma kwa sauti. Nitaandika. Herufi zangu si nzuri, lakini nitaandika."

Midomo ikasimama. Hakunitazama.

"Kalamu ulikuwa nayo, Aisha," akasema.

Nikatoka. Kesho yake alinisalimu kama kawaida, akaniuliza hali ya mjukuu. Lile neno hakulirudia, wala mimi sikuomba tena. Ripoti ya pili nilisomewa pia. Ilisema hata wazee wa mji wameipokea kompyuta, na kwamba wako wanaofika kila asubuhi bila kukosa. Wako. Alikuwa mmoja, na aliyemhesabu ni mimi.

Basi ndugu zangu mnaohesabu, sina hekima ya kuwapa zaidi ya vumbi lile la mwanzo. Meza tupu ina sababu yake. Iulize. Na ukishajua sababu, usiseme mara moja ukaenda kulala, ukadhani umeshatoa ushahidi.

Maalim alifariki msimu wa mvua, alfajiri, na akazikwa adhuhuri. Tangazo la msikiti sikulisikia, nilikuwa njiani kuja kazini. Saa nne nilisimama mlangoni na karatasi yangu, kwani hesabu ile ya saa ilikuwa bado inaendelea. Kiti kilikuwa chini ya meza, kompyuta zimefunikwa. Nilingoja mpaka saa tano ikapiga, maana sikuwahi kumwona akichelewa. Kisha nikaandika sifuri, na katika sifuri zote nilizopata kuandika juu ya Maalim katika jengo lile, hiyo ndiyo ya kwanza iliyokuwa kweli.